Wimbo wa Gari la Moshi na Wimbo wa Jembe

Wasomaji wetu watuwie radhi tukiuleta katika kurasa hizi wimbo wa magitaa ya kelele. Jina lake ni "Don't Stop Believin'", nao ulitolewa mwaka 1981 na kundi la Journey la San Francisco, Marekani. Vijana wetu hapa Mwanza tumewasikia wakiuimba kwa ghibu, basi hapana budi tuupime.

Habari zake si ndefu. Binti wa mji mdogo na kijana wa mjini, kila mmoja na upweke wake, wapanda gari la moshi usiku wa manane, wala hatuambiwi waenda wapi. Kijana asemwa ametoka kusini mwa Detroit. Walakini atazamaye ramani ataona ya kuwa ukitoka katikati ya mji ule ukaelekea kusini, wavuka mto na kufika Kanada. Wengine wamelicheka kosa hilo. Sisi hatulicheki: mji usiokuwapo ndio kwao hasa watu wale.

Ustadi wa wimbo u katika kungoja. Kinanda chaanza peke yake, magitaa yaja polepole, na kiitikio, ambacho nyimbo nyingi hukitoa mapema kama mchuuzi atandazavyo bidhaa, hakisikiki mpaka wimbo ukaribie kwisha. Msikilizaji naye amengojeshwa pamoja na wasafiri. Mpiga kinanda, Jonathan Cain, ameeleza kwamba maneno ya kiitikio aliambiwa na babaye, alipokuwa Los Angeles hana kitu, akiwaza kuuacha muziki. Ndiyo maana hayasikiki kama ya uwongo.

Hata hivyo tuna neno. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na waliopanda hapa kwenda kukata mkonge walijua waendako na walitafutalo. Tena Wasukuma wana nyimbo zao za matumaini, za vikundi vya kulima viitwavyo bagobogobo. Mtaalamu Mmarekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu mwaka 2010 chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Katika nyimbo hizo ndoto ina jina: ng'ombe, pamba, sifa ya kulishinda kundi la jirani. Ngoma yalia, majembe yainuka pamoja, na wimbo ukiisha pana matuta.

Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba wimbo wa jembe ni wa wazee, wa gari la moshi ndio wake. Tulimkaripia. Sasa twaona hatukumtendea haki. Wimbo wa jembe wamfaa mwenye shamba na wenzi wa kulima naye. Kijana auzaye maji katika stendi ya Nyegezi, asiye na ng'ombe wala ekari, aushike wapi? Huyo ndoto yake hajaweza kuitaja, na wimbo wa wageni wamwachia nafasi aitie mwenyewe.

Lawama yetu iliyobaki ni kwamba wimbo haufiki. Mwishoni sauti zafifia tu, gari lingali njiani. Mwanafunzi yule ameutunga upya kwa Kiswahili, kijana wake akipandia Malampaka. Tumemwomba aitaje stesheni ya kushukia, hajaitaja bado.