Wino mzito kuliko ushahidi: ramani ya Aksai Chin

Hebu tafuta Aksai Chin kwenye ramani, kaskazini-mashariki mwa Ladakh. Ni jangwa la nyanda za juu, karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari: mawe, chumvi, upepo, na watu ni haba sana. Ramani nyingi za kimataifa huzungushia eneo hilo mpaka wa nukta nukta. Leo nataka kuzitetea nukta hizo.

Mwaka 1865 William Johnson, mpimaji wa Idara ya Upimaji ya India chini ya Waingereza, alitoka Leh akavuka mpaka Khotan. Tumpe haki yake kwanza. Wapimaji wa enzi hizo walipanda vilele wakapima pembe kati ya kilele na kilele. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu pamoja na pembe zake, pande nyingine unazipata kwa hesabu tu. Sayansi safi hiyo, tena kwenye baridi kali.

Tatizo ni mpaka. Ramani iliyotokana na safari yake iliiweka Aksai Chin ndani ya Kashmir, hadi milima ya Kunlun. Kwani kuna pembe inayokuonyesha nchi inaishia wapi? Hakuna. Kilele unakipima, mpaka mnakubaliana na jirani. Ila kwenye karatasi vyote viwili vinaonekana kuwa na uzito mmoja. Mwaka 1899 Waingereza haohao waliipendekezea China mstari mwingine, ulioiachia sehemu kubwa ya jangwa hilo. China haikujibu.

Ramani ya serikali ya India ya 1950 bado ilikiri kwamba mpaka wa huko haujaainishwa. Mwaka 1954 ikaamuliwa maneno hayo yaondoke, mstari ukakazwa. China nayo ikapitisha barabara jangwani humo, ikakamilika 1957. Oktoba 1962 vita vikazuka.

Sisemi ramani ndiyo iliyoua watu. Serikali mbili zilifanya maamuzi yao. Lakini sisi tunaochora grafu za tasnifu kosa hili tunalijua vizuri: kufuta vile vistari vya mashaka ya kipimo ili picha ipendeze. Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na mstari usio na shaka hata kidogo, uliza swali moja tu: huu ulipimwa, au uliamuliwa?