Ukumbi wa Boston na Hesabu ya Sauti: Somo kwa Wajenzi wa Njombe na Makambako

Ukumbi wa Symphony Hall wa mjini Boston, Marekani, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, ndio ukumbi wa kwanza mkubwa wa muziki ambao tabia ya sauti yake ilikokotolewa kwa kanuni ya fizikia kabla haujajengwa. Habari zake zinawahusu wajenzi wa Njombe na Makambako kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika miji hiyo muziki wa kwaya husikika zaidi ndani ya makanisa ya matofali ya kuchoma yaliyoezekwa kwa bati. Kanisa la namna hiyo, liwe la usharika wa KKKT Dayosisi ya Kusini au la parokia ya Jimbo Katoliki la Njombe, kwa matumizi yake ni ukumbi wa muziki, hata kama kamati ya ujenzi ilipopitisha ramani ilijadili tu idadi ya viti, gharama ya bati na urefu wa mnara.

Aliyetaka ukumbi wa Boston ni Henry Lee Higginson, mfadhili aliyeianzisha okestra ya mji huo mwaka 1881, na msanifu wake alikuwa Charles McKim, ambaye kwanza alichora ukumbi wa nusu duara mfano wa majukwaa ya Wagiriki wa kale. Mchoro huo uliwekwa kando na badala yake likafuatwa umbo la kasha refu la ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1884. Ugumu ulikuwa kwamba Boston ilihitaji viti vingi zaidi, na kulikuza kasha la Leipzig pande zote kwa kipimo kilekile kungeharibu sauti, kwa maana vipimo vya chumba vikiongezwa maradufu, maeneo ya kuta, sakafu na dari huongezeka mara 4, ilhali ujazo wa hewa huongezeka mara 8.

Mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliyeufanyia ukumbi huo hesabu ya sauti, alikuwa ameanza kulichunguza jambo hilo mwaka 1895, alipotakiwa kurekebisha chumba cha mihadhara cha jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5 baada ya msemaji kunyamaza. Alifanya kazi usiku, kelele za mitaani zilipopungua, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake, huku akiingiza chumbani mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi jirani wa Sanders na kupima jinsi mvumo ulivyopungua kila mito ilipoongezwa. Muda wa mvumo ni muda ambao nguvu ya sauti huchukua kushuka hadi sehemu moja ya milioni tangu chanzo chake kinyamaze. Kanuni aliyoipata ni nyepesi: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo huzidishwa kwa 0.16, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa sauti. Ufyonzaji huo hupimwa kwa dirisha lililo wazi, yaani dirisha la mita 1 ya mraba huhesabiwa kuwa kipimo 1, kwa kuwa sauti inayotoka nje kupitia hapo hairudi.

Kanuni hiyo ikiwekwa Njombe, mambo huonekana waziwazi. Kanisa la mfano lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 14 na kimo cha mita 7 lina ujazo wa mita za ujazo 2,940. Sakafu ya saruji hufyonza takriban asilimia 2 ya sauti inayoipiga, kuta za lipu asilimia 3 na dari ya jipsamu asilimia 5, na ukijumlisha mabenchi ya mbao, kanisa tupu halifiki mbali zaidi ya vipimo 60. Mvumo wake kwa hiyo ni karibu sekunde 8, na hapo hakuna shairi litakaloeleweka. Wakiingia watu 400, kila mmoja akihesabiwa kipimo 0.45, jumla hupanda hadi 240 na mvumo hushuka hadi sekunde 2 hivi, kiwango kinachokaribia kile ambacho kumbi bora za okestra za Ulaya zinasifiwa nacho. Ndiyo sababu kwaya ya watu 40 inayofanya mazoezi siku ya Jumatano hujisikia vibaya, kwa kuwa mvumo ungali sekunde 6, kisha Jumapili sauti ikawa nyingine kabisa; si waimbaji waliobadilika.

Madirisha nayo yamo katika hesabu hiyo. Mita 18 za mraba za madirisha yaliyofunguliwa hufyonza sawasawa na kwaya hiyo ya watu 40, lakini mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe huyafunga yote. Waumini wa msimu huo huvaa makoti mazito, ambayo hurudisha sehemu ya kilichopotea, mradi wawe wamekuja.

Hesabu ya mvumo peke yake haikuujenga ukumbi wa Boston. Una upana wa mita 23 hivi na kimo cha takriban mita 18.6, na wembamba huo huzifanya kuta za pembeni zirudishe sauti mapema, kiasi kwamba sikio huiunganisha na sauti ya kwanza na kuiona imenenepa. Mapango ya kutani yenye sanamu 16 na dari iliyogawanywa kwa visanduku huitawanya sauti, nazo kuta za jukwaa zimeinamishwa ili ziisukume kuelekea kwa wasikilizaji. Sabine alikadiria mvumo wa sekunde 2.31 ukumbi ukijaa, na vipimo vya baadaye vilionyesha kama sekunde 1.9; alikosea kwa kiasi, ila alikosea ndani ya mpaka unaokubalika. Sifa kubwa ni ya umbo lililorithiwa kutoka Leipzig. Kinyume chake, New York ilifungua ukumbi wake wa Philharmonic mwaka 1962 baada ya kutanua kuta ili kuongeza viti, ikalazimika kuujenga upya ndani mwaka 1976.

Makambako ina tatizo jingine. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana pale na barabara ya Songea, malori hupita mchana na usiku, na reli ya TAZARA ipo karibu. Boston ilizungushia ukumbi wake korido zinazoutenga na mtaa. Kanisa la Makambako linaweza kupata kinga ileile kwa kuweka sakristia, ofisi na stoo upande wa barabara badala ya upande wa bustani. Mvua juu ya bati lisilo na dari ni adui mkubwa kuliko lori, na hapo dari nzito yenye nafasi ya hewa juu yake ndiyo dawa, wala si spika.

Spika kubwa haipunguzi mvumo hata kidogo, kwa kuwa huongeza sauti na mvumo wake kwa pamoja. Fedha ya kuinunua ingefaa zaidi kwenye ukuta wa nyuma, ambao sauti ya mhubiri huufikia na kumrudia baada ya kama sekunde 0.18 ikiwa mwangwi kamili. Mita 60 za mraba za mbao nyembamba za paini zilizopigwa kwa kuachiana nafasi, nyuma yake pamba ya nyuzi za kioo, hushusha mvumo wa kanisa tupu la mfano kutoka sekunde 8 hadi chini ya 5. Sponji ya godoro, ambayo baadhi ya mafundi huipendekeza, haifai, kwa kuwa hushika moto upesi na kanisani huwashwa mishumaa. Kamati ya ujenzi inayopokea ramani imuulize mchoraji ujazo wa chumba na jumla ya ufyonzaji wake kabla ya kuidhinisha paa, kwa maana baada ya paa kuezekwa swali hilo hujibiwa kwa gharama kubwa zaidi.