Wanaowatafuta Mafundi wa Magitaa ya Kijapani

Miaka ya 1970 viwanda vya Japani viliunda magitaa mengi kwa kuiga yale ya kampuni za Marekani, Gibson na Fender, yakauzwa ng'ambo kwa majina ya waagizaji. Kiwanda kimoja kilihudumia chapa nyingi, hivyo jina la kichwani mwa gitaa halikumtaja fundi aliyelichonga.

Wapo wanaomtafuta fundi huyo. Hulegeza nyuzi, hufungua skrubu nne, huchomoa shingo na kumulika tundu lake: muhuri uliofifia, alama ya penseli, mkato wa patasi. Hugeuza pikapu wasome namba za chini. Bamba la shingo lenye maandishi "Steel Adjustable Neck" mara nyingi huelekeza kwa Matsumoku, kiwanda cha mjini Matsumoto kilichotengeneza pia makabati ya cherehani, kikafungwa 1987. Kwa magitaa ya chapa ya Ibanez yaliyotoka kiwanda cha FujiGen mwishoni mwa miaka ya 1970, herufi ya kwanza ya namba ya gitaa ni mwezi. Tarakimu mbili zinazofuata, mwaka.

Dalili moja haiwatoshi. Hulinganisha gitaa na gitaa, na wasipokuwa na hakika husema hivyo waziwazi.

Anayenunua gitaa la namna hii leo bila kupunjwa anafaidi jasho lao. Wanastahili shukrani, na mafundi wa Matsumoto wanastahili kutajwa.