Samaki Chini ya Sifuri

Uundaji wa vielelezo vya mienendo ya mifumo ni ufundi ambao mtazamaji wa nje hudhani ni kazi ya kuchora visanduku na mishale kwenye skrini, kubonyeza kitufe na kusubiri grafu ijichore. Ilhali kwa waliouzoea, kuchora na kubonyeza ni sehemu ndogo tu ya kazi, na sehemu kubwa iliyobaki hutumika kukitafutia makosa kielelezo ambacho tayari kinaonekana kizuri. Hapo ndipo ilipo sifa yake. Programu kama Stella, Vensim na Powersim zimejaa zana za kila aina, lakini zenye thamani kuliko zote ni zile zinazompa muundaji njia ya kukiumbua kielelezo chake akiwa peke yake, kabla hakijamwumbua yeye mbele ya watu.

Msamiati wa msingi wa ufundi huu ni mfupi. Limbiko ni kitu chochote ambacho kingeweza kuhesabiwa hata kama muda ungesimama, kama vile samaki waliomo ziwani, mashua zilizosajiliwa au wagonjwa waliolazwa. Mtiririko ni kasi ya kuongezeka au kupungua kwa limbiko, na uhusiano wa viwili hivyo ni ule wa maji ya pipa na mabomba yake mawili, moja la kuyaingiza na jingine la kuyatoa. Pale ambapo kiasi kilicholimbikwa kinarudi kuuathiri mtiririko uleule uliokileta, huzaliwa mzunguko wa mrejesho, ambao huitwa wa kukuza ikiwa badiliko huzaa badiliko kubwa zaidi la upande uleule, na wa kusawazisha ikiwa badiliko huamsha nguvu ya kulipinga. Mizunguko hiyo ikishachanganyika na ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya tendo na matokeo yake, akili ya binadamu haiwezi tena kukisia mfumo utaelekea wapi, na ndiyo maana uigaji, yaani kuuhesabu mwenendo wa mfumo hatua kwa hatua, ukahitajika.

Jay Forrester, mhandisi wa Marekani aliyekwisha kujipatia jina kwa kumbukumbu ya sumaku ya kompyuta, alihamia katika shule ya menejimenti ya MIT mwaka 1956. Huko alikutana na watu wa kampuni ya General Electric, waliokuwa wakishangazwa na viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky, ambavyo mara vilifanya kazi zamu tatu au nne, na miaka michache baadaye vilipunguza nusu ya wafanyakazi. Lawama ilikuwa ikitupiwa hali ya soko. Forrester alichukua penseli na daftari, akachora safu za bidhaa ghalani, wafanyakazi na oda, akahesabu wiki baada ya wiki kwa kufuata kanuni ambazo mameneja wenyewe walisema wanazifuata, akaona kwamba hata oda zikitulia ajira ingeyumba kwa sababu ya kanuni hizo hizo. Mwaka 1958 Richard Bennett aliandika programu ya kuifanya hesabu hiyo kwa kompyuta, iliyoitwa SIMPLE, kisha ikafuata DYNAMO, kazi ya Phyllis Fox na Alexander Pugh. DYNAMO ilimlazimisha mwandishi kutia herufi kwenye kila kipengele cha mlinganyo, J kwa wakati uliopita, K kwa wakati uliopo na L kwa ujao, hivi kwamba haikuwezekana kusahau kwamba limbiko la sasa ni lile la jana pamoja na kilichoingia na kutoka katikati. Stella, iliyobuniwa na Barry Richmond na kutoka mwaka 1985, ilizificha herufi hizo nyuma ya picha zinazochorwa kwa kipanya. Ufundi ukafunguliwa kwa walimu na wanafunzi wengi, ingawa yafaa kukiri kwamba picha husamehe uzembe ambao herufi hazikuusamehe.

Uzembe huo huonekana wazi katika kielelezo kidogo cha uvuvi. Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni sangara wa Ziwa Victoria, aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye baadaye alikuja kulisha viwanda vya minofu kandokando ya ziwa. Muundaji anayeanza ataweka malimbiko mawili, sangara na mashua, kisha ataandika kwamba mavuno ya mwaka ni idadi ya mashua mara wastani wa kila mashua, na kwa miaka 20 ya kuigwa grafu itapendeza. Mbinu iitwayo jaribio la hali ya kupita kiasi hudai mashua zizidishwe mara 1000. Limbiko la sangara litashuka hadi sifuri, litapita, na kuendelea kushuka, huku mashua zikirudi pwani zimejaa samaki wasiokuwepo. Baadhi ya programu zina chaguo la kulizuia limbiko lisipungue chini ya sifuri, na kishawishi cha kulitumia ni kikubwa. Lakini fundi hulikwepa, kwa kuwa linafuta dalili na kuuacha ugonjwa. Idadi hasi ya samaki ni ushahidi kwamba kuna mzunguko wa kusawazisha uliosahauliwa: samaki wakipungua, kila mashua hupata kidogo, na wakiisha haipati kitu.

Mzunguko huo huingizwa kwa kile kinachoweza kuitwa jedwali la uhusiano, yaani mkunjo unaochorwa kwa mkono ili kueleza jinsi kitu kimoja kinavyokiathiri kingine pale ambapo hakuna fomula iliyo tayari. Fundi hauchori kwa tani na mashua, bali kwa uwiano: kwenye mhimili wa chini huweka samaki waliopo wakigawanywa kwa samaki wa kiwango cha rejea, na kwenye mhimili wa kusimama huweka mavuno ya mashua yakigawanywa kwa mavuno ya kiwango hichohicho. Kwa njia hiyo mkunjo unalazimika kupita kwenye sifuri na sifuri, na tena kwenye moja na moja, na ubishi wote unabaki juu ya umbo lake katikati. Ubishi huo ndio utamu wa kazi. Dagaa wa ziwa hilohilo huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, wakivutwa na mwanga hadi wakakusanyika, na kwa hiyo yawezekana mavuno ya mtumbwi mmoja yasipungue sana hata pale dagaa wa ziwa zima wanapopungua. Mkunjo wao utapanda ghafla karibu na sifuri, kisha utalala. Mkunjo wa namna hiyo una matokeo mazito kwa msimamizi wa uvuvi, kwa sababu takwimu za mavuno zitaendelea kumtuliza hadi karibu na mwisho.

Jambo la pili ambalo picha hulificha ni hatua ya muda, yaani urefu wa kipindi ambacho kompyuta huruka kutoka hesabu moja hadi nyingine. Njia rahisi, inayobeba jina la Euler, huchukua kasi ya mwanzo wa kipindi na kudhani kwamba haitabadilika hadi mwisho wake. Katika mfumo ambao kihalisi ungepanda na kushuka kwa kimo kilekile bila kikomo, dhana hiyo hukiongeza kimo kila mara, hivi kwamba mtafiti asiye macho anaweza kuandika ripoti nzima juu ya msukosuko unaozidi kukua, kumbe aliyeukuza ni yeye. Kinga yake ni kuigawa hatua kwa mbili na kuendesha upya: grafu ikibadilika kwa kiasi cha kuonekana, hatua ilikuwa ndefu mno. Kwa kawaida huanziwa kati ya robo na sehemu ya 10 ya ucheleweshaji mfupi kuliko wote uliomo. Mafundi pia hupendelea 0.125 kuliko 0.1, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa mbilimbili na haiwezi kuihifadhi 0.1 kikamilifu, kosa dogo ambalo likijumlishwa mara nyingi linaweza kufanya tukio lililopangwa kutokea mwaka wa 10 kamili likapitwa. Njia ya Runge-Kutta, ambayo huipima kasi mara nne ndani ya kila hatua, huyadhibiti mawimbi vizuri zaidi, lakini haifai pale penye mikato ya ghafla au bahati nasibu.

Ukaguzi wa vizio, yaani kuhakikisha kwamba samaki kwa mwaka hawajumlishwi na samaki watupu, hufanywa na programu yenyewe na hauhitaji maneno mengi, isipokuwa onyo juu ya kigezo kinachobuniwa ili kusawazisha vizio tu bila kuwa na maana yoyote ziwani. Vensim ina zana ya kupendeza zaidi, inayomruhusu muundaji kuandika kauli kama vile pasipo mashua hapana mavuno, kisha programu ikazijaribu kauli hizo moja baada ya nyingine.

Kulinganisha kielelezo na takwimu za zamani huheshimiwa kupita kiasi, kwani vielelezo vingi vyenye makosa tofauti vinaweza kuifuata historia ileile kwa ukaribu uleule. Mbinu bora zaidi ni kukikata kielelezo vipande, kila kipande kikalishwa takwimu halisi za vipande jirani, ili kosa la upande mmoja lisifichwe na kosa la upande wa pili. Hata kuendesha uigaji mara mamia huku vigezo vikibadilishwa kwa bahati nasibu, kunakoitwa Monte Carlo, hakuna faida kubwa ikiwa kinachotazamwa ni upana wa utepe kwenye grafu. Tarakimu hubadilika siku zote. La kuuliza ni kama shauri linalotolewa kwa watu nalo linabadilika.

Mwaka 1998 Erling Moxnes, mtafiti wa Norway, alichapisha jaribio ambalo washiriki, wakiwemo wavuvi, maofisa wa uvuvi na watafiti, walisimamia uvuvi wa kuigwa, kila mmoja akiwa na haki ya peke yake juu ya samaki wake, hivyo hapakuwa na wa kugombania. Hata hivyo walijenga meli nyingi kupita kiasi, kwa wastani wa asilimia 60 zaidi ya kiwango kinachofaa. Ujuzi wa samaki haukuwatosha kuusoma mfumo wenye limbiko lisiloonekana na matokeo yanayochelewa. Ndiyo maana kabla ya uigaji kuendeshwa yafaa kila mtumiaji achore kwenye karatasi mkunjo anaoutarajia, na karatasi hizo zikusanywe mapema, kwa kuwa grafu ikishatokea karibu kila mtu hukumbuka kwamba ndivyo alivyotabiri.