Gurudumu la Kushoto

Kwenye harusi moja Malindi nilisikia nzumari isiyo na mpigaji. Ilitoka kwenye kibodi. Kijana alibonyeza namba, sauti ikaja safi, imenyooka kama rula, na mwanzele ikaanza. Watu walicheza, sitasema uongo. Mimi nilichoka kabla ubeti wa pili haujaisha.

Mashine haina kosa. Upande wa kushoto wa ile kibodi palikuwa na gurudumu dogo ambalo hakuligusa usiku kucha. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ilikuwa nalo tayari. Osileta yake ya tatu unaweza kuishusha iende polepole mno, yenyewe isisikike, kazi yake ibaki kuzitikisa zile mbili nyingine. Ikiivuta noti juu na chini mara tano au sita kwa sekunde, unapata mtetemo kama wa koo la mwimbaji. Ukiielekeza kwenye filta, sauti inafunguka na kufumbika kama mdomo. Modulesheni ndiyo hiyo, na gurudumu ndilo linaloamua ni kiasi gani, na lini.

Hiyo "lini" mpiga nzumari anayo kwenye pumzi. Anaitoa noti kavu, anaiacha isimame, halafu anaitikisa inapokaribia kufa.

Ama kayamba: matete yaliyofungwa bapa, mbegu ndani. Bila mikono ni chwaa tupu, kama redio iliyopoteza stesheni. Mikono inazimwaga mbegu, inazizuia, inazigeuza ghafla. Sinthesaiza ya analogia ina kelele hiyo hiyo, na filta ya kuichonga. Ila wimbi lake ukiliacha peke yake litazunguka sawasawa mpaka kuche. Hapo huna kayamba tena, una feni.

Wenzangu wa Kilifi wananiambia wateja wanalipa wacheze, si wasikilize. Haya. Lakini kijana mmoja na kibodi ni rahisi kuliko kundi zima, ndiyo maana mzee wa nzumari siku hiyo alikuwa amekaa na wageni, anakula pilau. Aliyechukua kiti cha mtu basi akikalie sawasawa, jamani.

Mapumziko yalipofika nilimfuata kijana, nikamuuliza lile gurudumu ni la nini. Akalisukuma kidogo, noti ikatetemeka. Yule mzee akageuza kichwa.

"Hili linaharibu tyuni, mzee wangu," kijana akasema, akalirudisha chini.