Udhaifu ulivyohama ndani ya Datsun ya Wayland

Datsun 1200 ya mwaka 1972 ilitoka kiwandani ikiwa na injini ya A12, ujazo wa sentimita mchemraba 1,171 na nguvu isiyofika farasi 70. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wenye umri wa kutosha wanaikumbuka: bodi jepesi, injini mbele, difu nyuma, springi za mabapa, na karibu kila nati inafikika bila kufungua nyingine kumi. Huko Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, John Wayland aliichukua moja ya gari hizo, akang'oa injini, rejeta, egzosi na gia boksi, akaifanya gari la umeme na kuiita White Zombie. Mwaka 2010 gari hilo lilimaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 10.258, na lilivuka mstari likiwa na kasi ya maili 123.79 kwa saa, karibu kilomita 199. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa lilitumia sekunde 1.8 tu. Na bado lilikuwa na namba za usajili, likiruhusiwa kutembea barabarani kama gari la mtu yeyote.

Anayesikia hesabu hiyo huuliza kwanza: mota yake ni ya aina gani? Kwa maoni yangu hapo ndipo watu wanapopotea. Mota ya White Zombie ni teknolojia ya zamani sana, ukoo mmoja na mota zilizosukuma treni za mijini karne ya 19. Kinachostahili kuchunguzwa ni jinsi udhaifu ulivyokuwa ukihama. Kila Wayland na wenzake walipoimarisha sehemu moja, umeme mwingi zaidi ulipita, na sehemu iliyofuata ikaonekana kuwa ndiyo inayozuia. Ukitaka kuelewa lile gari, fuata mkondo wa umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye tairi, uone ulikwama wapi na ukafunguliwaje.

Tuanze na mota zenyewe. Ni za DC zenye kaboni, na waya za sumaku yake zimeungwa kwa mfululizo na waya za rota. Maana yake mkondo uleule unaopita kwenye rota ndio unaotengeneza sumaku inayoisukuma. Ukiongeza mkondo mara mbili, sumaku inakua na msukumo nao unakua, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara nne, mpaka chuma cha mota kishindwe kubeba sumaku zaidi. Ndiyo sababu mota za namna hii ziliwekwa kwenye foklifti na ndiyo sababu stata ya gari lako, japo ndogo, inaweza kuamsha injini nzima. Zinatoa nguvu kubwa ya kuzungusha kuliko zote pale zinapokuwa zimesimama, na mwanzo wa mbio ndipo gari linapohitaji nguvu hiyo.

Wayland hakutumia mota moja kubwa. Jim Husted, fundi wa mota katika karakana yake ya Hi-Torque Electric huko Oregon, aliunganisha mota mbili zenye kipenyo cha inchi 9 zikawa kitu kimoja chenye shafti moja. Mota mbili nyembamba zina rota nyepesi kuliko moja nene yenye nguvu sawa, kwa hiyo zinapanda mizunguko haraka na hazipasuki kwa urahisi zikizunguka kwa kasi. Faida kubwa zaidi ni kwamba mota mbili zinaweza kuungwa kwa namna mbili. Hilo nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililochukua nafasi ya gia boksi.

Adui wa mota hizi ni cheche. Kaboni inagusa komutata, ile pete ya vipande vya shaba, na kila kipande kinapoiacha kaboni mkondo unataka kuendelea kupita hewani. Volti zikiwa chache cheche ni ndogo. Zikizidi, cheche zinaungana na kuzunguka pete nzima kuwa mwali mmoja, na shaba inayeyuka. Dawa ni kusogeza kaboni kidogo kinyume na upande rota inakozungukia, ili mkondo ugeuzwe mahali ambapo sumaku imetulia, kuchagua kaboni ngumu inayostahimili, na kuweka kikomo cha volti zinazofika kwenye mota. Kazi ya Husted ilikuwa hiyo hasa. Haionekani kwenye picha ya gari, lakini bila yake mota ingeungua kabla ya katikati ya uwanja.

Baada ya mota, mkwamo ulihamia kwenye kontrola. Hapo alikuwepo Otmar Ebenhoech, aliyebuni Zilla, kontrola inayopozwa kwa maji na kuweza kupitisha ampea 2,000 kwenda kwenye mota. Kontrola za aina hii zinakata umeme wa betri vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, na mota inapokea wastani wake. Siri yake wengi hawaioni: mkondo wa mota na mkondo wa betri si sawa. Tuchukue mfano. Gari limesimama, dereva amekanyaga mpaka mwisho. Mota haizunguki, kwa hiyo haizalishi umeme wowote wa kupinga ule unaoingia. Labda volti 50 tu zinatosha kuzisukumia mota ampea 2,000. Hizo ni kilowati 100. Betri yenye volti 300 inatoa kilowati 100 kwa ampea 333 tu. Mota zinapata ampea 2,000, betri inatoa 333, na hakuna uchawi: volti zimepunguzwa, mkondo ukaongezeka. Ndiyo maana gari linaruka kwa nguvu zote kabla betri haijaanza kutokwa na jasho.

Jasho la betri linaanza baadaye kidogo. Mota zikishika kasi zinazalisha umeme wa kinyume, volti zinazohitajika zinapanda, na mkondo wa betri unaukaribia mkondo wa mota. Hapo ndipo ule uungaji wa namna mbili unapoingia. Mwanzoni mota zimeungwa kwa mfululizo: zile ampea 2,000 zinapita kwenye mota ya kwanza kisha ya pili, kila moja inapata mkondo wote, na nguvu ya kuzungusha inakuwa kubwa kabisa. Lakini volti zinagawanywa kati yao, na baada ya kasi fulani hazitoshi. Swichi kubwa za sumaku zinabadilisha uungaji katikati ya mbio, mota zinakuwa sambamba, kila moja inapata volti zote na nusu ya mkondo, na gari linapata pumzi ya kufika mwisho. Mfumo huu ndio uliotumika kwenye tramu za miji ya Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1890. Wayland alitupa gia boksi na klachi, akapeleka shafti moja kwa moja kwenye difu, akaacha umeme ufanye kazi ya kubadilisha gia.

Mota zipo, kontrola ipo, na sasa mkwamo umefika kwenye betri. Sehemu hii ndiyo ningependa kila anayejenga gari la umeme aisome mara mbili.

Kwa miaka mingi White Zombie ilitumia betri ndogo za risasi na asidi, zilizofungwa, zikiunganishwa nyingi kwa mfululizo. Zilikuwa nzito, lakini uzito haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo lilikuwa ukinzani wa ndani. Kila betri ina ukinzani wake ndani kwa ndani, na mkondo ukipita humo unapoteza volti na kugeuka joto. Tufanye hesabu ya mfano. Betri nzima ina volti 355 na ukinzani wa omu 0.1. Ukivuta ampea 1,500, unapoteza volti 150 humo ndani. Zinabaki 205, na kinachofika kwenye kontrola ni kilowati 307 hivi. Sasa punguza ukinzani uwe omu 0.05. Unapoteza volti 75 tu, zinabaki 280, na kilowati zinafika 420. Mota ni zilezile, kontrola ni ileile, ampea ni zilezile, ila kilowati zaidi ya 110 zimeongezeka. Na kwenye mbio za sekunde kumi, kilowati 110 ni umbali mkubwa mno.

Ukichunguza hesabu hiyo vizuri, utaona pia kwa nini kuongeza ampea pekee hakusaidii. Joto linalopotea ndani ya betri linakua kwa mraba wa mkondo. Ukifika mahali volti zimeshuka hadi nusu, umegusa kilele. Ukivuta zaidi ya hapo, nguvu inayofika kwenye mota inaanza kupungua huku betri ikizidi kupata moto. Hakuna kontrola inayoweza kuvuka mpaka huo.

Mwaka 2010, gari lilipopiga zile sekunde 10.258, lilikuwa na betri ya lithiamu polima ya Dow Kokam, volti 355, kilowati-saa 22.7. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa kupita mahitaji. Gari lenye uzito wa tani moja na kitu likienda kilomita 199 kwa saa lina nishati ya mwendo isiyofika nusu ya kilowati-saa. Hata ukiongeza joto, upepo na msuguano wa tairi, mbio moja inakula sehemu ndogo tu ya betri. Basi kwa nini ubebe kilowati-saa 22.7? Kwa sababu seli nyingi zikigawana mkondo, ukinzani wa jumla unashuka. Ukubwa wa betri ulichaguliwa kwa ajili ya sekunde kumi, na safari ndefu barabarani ikaja kama nyongeza ya bure. Kwangu huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote katika gari lile, kwa sababu uliondoa ule mvutano wa kawaida kati ya gari la mbio na gari la matumizi.

Ikabaki kazi ya kufikisha nguvu ardhini. Difu ya asili ya Datsun isingedumu, ikabadilishwa kwa ile imara ya Ford ya inchi 9 ambayo wapenda mbio wa Marekani huiamini. Kufika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 1.8 maana yake ni mwongezeko wa mwendo unaozidi mvutano wa dunia kwa karibu nusu, na tairi za kawaida zingezunguka bure zikitoa moshi. Tairi za mpira laini na uzito wa betri upande wa nyuma vilisaidia tairi kushika lami.

Njia hii haikuwa ya Wayland peke yake. Bill Dubé huko Colorado alitengeneza pikipiki KillaCycle, iliyotumia seli ndogo za lithiamu za A123 na kupiga robo maili kwa sekunde 7.89 mwaka 2008. Uingereza, mtangazaji Jonny Smith alichukua Enfield 8000, kigari cha umeme cha miaka ya 1970 ambacho mota yake ya asili haikufika nguvu ya farasi 10, akakipa mota mbili za DC na betri kali, na mwaka 2016 kikafika sekunde 9.86. Kanuni ni ileile: chombo chepesi, mota zenye kaboni, seli zenye ukinzani mdogo.

Wanaogeuza magari kwetu wana lengo jingine. Opibus, iliyoanza Nairobi mwaka 2017, ilibadilisha Land Cruiser za kubebea watalii ziwe za umeme, na humo mota ya DC ya mfululizo ingekuwa chaguo baya: ni vigumu kuifanya irudishe umeme kwenye betri gari linaposhuka mlima, na kaboni zake zinataka kubadilishwa. Vumbi la mbugani nalo lingeimaliza komutata mapema. Hata hivyo hesabu ya ukinzani wa betri haibadiliki. Land Cruiser inayokwama kwenye matope inavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi kama gari la mbio linavyofanya.

Mkwamo wa mwisho wa White Zombie ulirudi pale ulipoanzia, kwenye komutata. Betri ilipopata uwezo wa kutosha, volti ambazo kaboni zinaweza kustahimili bila mwali ndizo zilizobaki kuwa mpaka. Mota za AC hazina komutata, na ubadilishaji wa mkondo unafanywa na transista. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021, gari la familia lenye uzito unaozidi tani mbili na mota tatu za AC, ilitangazwa kumaliza robo maili kwa sekunde 9.23. Inabeba uzito karibu mara mbili wa Datsun ile, na bado inaitangulia kwa sekunde moja nzima.