Robo Tupu au Mchanga? Uhakiki wa Arabian Sands

Jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu hujulikana kwa wageni kama Rub' al Khali, yaani Robo Tupu. Wilfred Thesiger, aliyelivuka mara mbili kati ya 1946 na 1948 pamoja na Mabedui wa kabila la Rashid, aeleza kwamba wakazi wenyewe huliita Mchanga tu. Katika tofauti hiyo ya majina mna kiini cha kitabu alichokitoa mwaka 1959: utupu ni neno la mtu atazamaye kutoka nje.

Sehemu zilizo bora kabisa ni zile zionyeshazo elimu ya wenyeji ikifanya kazi. Bedui huzitazama alama za nyayo akajua kwamba ngamia katoka mchangani, maana ngozi ya nyayo za ngamia wa huko hubanduka vipande vipande. Au katoka nchi ya changarawe, ambako nyayo husuguliwa zikawa laini. Kwa kukivunja kinyesi chake hutambua alilisha wapi na alinyweshwa lini. Penye visima vya maji machungu yasiyonyweka na watu, ngamia huyanywa, na mwenyewe huishi kwa maziwa yake. Thesiger hayasimulii haya kama miujiza, bali kama maarifa, nasi twamsadiki.

Kasoro ya kitabu ni majonzi yake. Mtungaji ailaumu motokaa na mafuta ya petroli kana kwamba utajiri wa jangwa hauna budi kulindwa na ufukara wa wakazi wake. Walakini ni yeye mwenyewe aliyetuonyesha njaa, kiu na visasi vyao. Naye aliweza kuondoka, wenzake hawakuweza. Bin Kabina na Bin Ghabaisha twawasikia kwa kinywa chake tu. Ni kweli kwamba elimu isiyotumika hupotea. Lakini dawa yake ni kuiandika na kuifundisha, si kuwatakia wenyewe dhiki.

Kwetu jambo hili si geni. Watu wa pwani waliiita nchi ya nyuma yao nyika, na wakazi wake Wanyika. Wakazi hao leo hujiita Mijikenda, yaani miji tisa. Basi atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili na alipime neno jangwa kabla ya kuliandika: palipoonekana nyika, palikuwa na miji.